Umaskini wa Homa Bay na Migori: ni wa familia, wa historia au wa siasa?

Uzi. Chukua chai, ni mrefu kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa matanga huko Ndhiwa. Mnajua matanga ya kwetu: jeneza liko chini ya hema, mjane amekaa na watoto, halafu kipaza sauti kinaanza kuzunguka kwa waheshimiwa. Wa kwanza akasema umaskini wetu hauhusiani na serikali, ni wa familia. Ati wanaume wametoroka nyumba, wasichana wanazaa kabla ya kuolewa, mtu ana wake watatu na ekari mbili, halafu tunalaumu Nairobi. Makofi. Wa pili akachukua kipaza sauti akasema tumebaguliwa tangu uhuru, na kabla ya hapo mkoloni alitunyonya, kwa hivyo asituambie mtu habari za familia. Makofi tena, na waliopiga ni wale wale.

Mjane hakupigia yeyote. Yeye ni mke wa binamu yangu, namwita shemeji. Tutamrudia.

Kanuni ya uzi huu ni ile ya siku zote: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.

Tuanze na Wahindi, kwa sababu mheshimiwa wa kwanza alianza nao. "Tazameni Wahindi, babu na baba na mjukuu, duka moja. Sisi kila kijana anajenga simba yake na anataka kuwa mkubwa." Hii hoja utaisikia Oyugis, utaisikia Rongo, utaisikia kwenye matatu. Haifi kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo meli zilivuka ghuba hadi Kendu Bay, Homa Bay na chini hadi Karungu, na maduka ya Wahindi yakafuata meli. Mwenye duka Kendu Bay alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa mjomba au mtu wa jamii yake pale Kisumu, naye wa Kisumu alichukua kwa mtu wao wa Mombasa. Deni lililipwa kwa sababu ukilikimbia, hata binti yako hatapata mchumba. Familia ilikuwa benki. Hilo silipingi.

Lakini jiulize mbona hao jamaa walikuwa kwenye maduka, si kwenye mashamba makubwa. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu, na tamko la serikali ya Uingereza la mwaka 1923 likathibitisha hivyo. Mhindi hata akiwa na pesa hakuruhusiwa kununua shamba huko. Akasukumwa kwenye biashara, halafu miaka mia baadaye tunasema biashara iko kwenye damu yao.

Na mbona mtu wetu hakufungua duka kando ya lile la Mhindi? Wengine walifungua. Ila kulikuwa na sheria ya mikopo kwa Waafrika. Ile ya mwaka 1948 iliweka kikomo cha shilingi 200: mfanyabiashara asiye Mwafrika akikukopesha zaidi ya hapo bila idhini ya ofisa wa serikali, hawezi kukudai mahakamani. Walisema ni kutukinga na madeni. Sasa wewe fungua duka la jumla bila mkopo, uone. Benki nayo ilitaka dhamana, na ardhi ya rizavu haikuwa na hati ya kuweka dhamana. Kwa hivyo kwenye barabara moja ya Homa Bay kulikuwa na mtu mwenye mkopo wa mjomba na mtu asiyeruhusiwa mkopo wa yeyote, halafu leo tunapima bidii yao.

Miaka hiyo hiyo ya 1940 watu wa Nyanza walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Walizunguka wakiuza hisa ndogo ndogo, mpaka kwa wafanyakazi wa mbali. Kwa hivyo yule anayesema sisi hatujui kushirikiana anasahau historia yake mwenyewe. Kampuni ilipata shida zake, usimamizi ukiwemo, sitaki kuipamba.

Halafu mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi ya nchi. Wahindi wengi wa miji midogo wakaondoka, wengine kwenda Kisumu na Nairobi, wengine Uingereza. Unaona? Sheria iliwaleta dukani, sheria nyingine ikawatoa. Familia zao zilikuwa zile zile siku zote mbili. Na tunahesabu tu waliobaki na kufaulu. Fundi wa Kihindi aliyeshindwa na maisha akarudi Gujarat hayumo kwenye hadithi ya mheshimiwa.

Sasa kwetu sisi. Hapa ndipo ningependa watu wakae chini.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi mwanzoni mwa miaka ya 1900, haikutoza mapato. Ilitoza nyumba. (Si ile tozo ya nyumba mnayokatwa kwenye mshahara siku hizi, tafadhali, hiyo tutaifanyia uzi wake.) Ilikuwa kodi ya kila kibanda. Fikiria dala ya Mjaluo: kila mke ana nyumba yake, ndivyo boma linavyojengwa. Wake watatu, kodi tatu. Kwa hivyo sheria ya kwanza ya pesa kugusa mlango wa nyanya zetu ilihesabu muundo wa familia na kuutoza. Watu wakaanza kubanana, nyumba moja ikabeba waliopaswa kulala tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba naye asiponyoke.

Kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu. Pesa taslimu ilikuwa wapi? Kwa Mzungu. Basi wanaume wakaenda: reli, bandari ya Mombasa, mashamba ya miwa ya Miwani, majani chai Kericho kuanzia miaka ya 1920, dhahabu ya Macalder hapa Migori miaka ya 1930. Tangu 1920 kila mwanaume alivaa kipande shingoni, na ukitoroka kazi unatafutwa kwa hicho hicho.

Na mshahara? Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iitwayo Kamati ya Carpenter, ilikubali kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imepangwa kwa mtu mmoja, bachela. Ikapendekeza mshahara upandishwe polepole uweze kulea mke na watoto. Soma tena mwaka: 1954. Kwa miaka hamsini hivi, aliyeandika mshahara alijua mfanyakazi ana mke Kanyamwa au Kabondo, akaamua huyo mke atajilisha kwa jembe. Gharama ya kulea mfanyakazi wa kesho iliachiwa mwanamke na shamba lake, na faida ikahesabiwa Kericho.

Babu yangu alichuma chai huko miaka mingi. Alikuwa anakuja nyumbani mwezi mmoja kwa mwaka, na watoto wake wanazaliwa kwa kufuata kalenda ya likizo, tunacheka nayo mpaka leo. Nyanya ndiye aliyelima, akauza mahindi, akalipa karo. Hakuna aliyemwita "mama asiye na mume." Lakini ukihesabu siku, ndivyo alivyoishi.

Kwa hivyo mheshimiwa akisema wanaume wametoroka nyumba, mimi namuuliza: mwaka gani?

Kuna watu mmeanza kusikiliza podikasti za Marekani na mnaleta hoja zile zile hapa, ati baba akirudi nyumbani umaskini umeisha. Sawa, basi mjue ilikotoka. Mwaka 1965 ofisa mmoja wa Wizara ya Kazi ya Marekani aliandika ripoti kuhusu familia ya watu weusi. Alitaja utumwa, alitaja ukosefu wa kazi kwa wanaume, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba tatizo ni familia yenyewe. Wamebishana miaka sitini. Swali lao ndilo letu: familia iliyovunjika ilileta umaskini, au ukosefu wa kazi ulivunja familia?

Sisi mwaka huo huo wa 1965 tulikuwa na karatasi yetu. Sessional Paper Nambari 10. Wengi huitaja, wachache wameisoma. Inasema pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoleta mazao zaidi kwa haraka, yaani penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Haikutaja kabila lolote. Haikuhitaji. Barabara na umeme vilikuwa tayari pale mkoloni alipoviweka, na vilikuwa kwa ajili yake. Ukiamua kumwagilia mti ulio na maji tayari, hutahitaji kuuchukia ule mwingine ili ukauke.

Mchumi mmoja aliyezaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, aliijibu karatasi hiyo mwaka huo huo kwenye East Africa Journal. Aliuliza uchumi huu ni wa nani kama biashara kubwa bado ziko mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na aliitetea njia ya ushirika wa ukoo kwenye ardhi badala ya kumkabidhi kila mtu hati yake na kuondoka. Jina lake mnalijua. Silitaji kwa sababu mwanawe alikuja kuwa mwanasiasa, nchi nyingine, na kanuni ni kanuni.

Baadaye mkaja ugomvi wa kisiasa wa mwisho wa miaka ya 1960 na Nyanza ikakaa upande usiofaa kwa muda mrefu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliiorodhesha Nyanza kati ya maeneo yaliyotengwa kiuchumi, ripoti ya mwaka 2013. Kwa hivyo mheshimiwa wa pili hadanganyi.

Ila naye nina swali lake. Tangu 2013 tuna kaunti. Katiba inasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaende kaunti. Pesa hizo zinapita kwa watu wetu wenyewe, wanaozungumza lugha yetu, wanaokula omena kama sisi. Zahanati ikikosa dawa Karungu mwaka huu, huwezi kuniambia ni 1965 peke yake. Historia inaeleza tulianzia wapi. Haimpi mtu risiti ya pesa za jana.

Tuje kwa wajane, sababu hapa ndipo hoja ya familia huwa kali zaidi, na ya kuumiza.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kitaifa ilikuwa 4.9. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay, na leo watu wanazeeka na dawa zao. Kabla ya hapo tulizika kila wikendi. Wazazi wakaondoka, nyanya wakaanza ulezi upya wakiwa na miaka sabini. Kwa hivyo ukiona boma la mama peke yake au la nyanya na wajukuu sita, kabla hujasema "maadili," hesabu makaburi mbele ya nyumba.

Na wanaosema ni tabia, nendeni ufuoni asubuhi. Mashua ni ya mwanaume, nyavu ni za mwanaume, mwanamke ndiye anayenunua samaki akauze. Samaki wakipungua, anayepewa ni aliyelala na mvuvi. Jaboya, wote tunajua. Katika fuo kadhaa wanawake walipata mashua zao wenyewe, na wakaweza kusema hapana. Hakuna aliyewahubiria. Walibadilishiwa mwenye chombo.

Sasa kuna hesabu inayonisumbua, na inapaswa kuwasumbua waheshimiwa wote wawili. Utafiti wa serikali wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliweka umaskini wa kitaifa kuwa asilimia 36.1. Migori ilikuwa 41.2. Homa Bay 33.5. Yaani Homa Bay, yenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa, ilikuwa chini ya wastani wa taifa, na Migori, yenye dhahabu, miwa ya Awendo, tumbaku na mpaka wa Isebania, ilikuwa juu. Kama muundo wa familia ndio kila kitu, Homa Bay ingepaswa kuwa mkiani. Kama kutengwa na Nairobi ndiko kila kitu, hizi mbili zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza mpaka juzi juzi, zingefanana. Tumbaku na miwa unauzia kampuni, halafu unangoja siku ya kulipwa. Samaki unauza leo, unapika leo. Mimi naona hapo kuna kitu, ingawa sitadai takwimu mbili zinatosha kukata kesi.

(Na Migori si Wajaluo tu, kabla Wakuria hamjanivamia. Kwenu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke ili boma lake lipate mrithi. Wageni huliona jambo la ajabu. Ni mpango wa kumlinda mama asipoteze ng'ombe na ardhi. Familia hujipanga kulingana na sheria ya mali iliyopo.)

Hapo ndipo nakubaliana na mheshimiwa wa kwanza, kwa sababu yangu mwenyewe. Familia ina nguvu, na nguvu yake kubwa iko kwenye ardhi.

Turudi kwa shemeji. Shamba analolima, hati yake iko kwa jina la babu wa mumewe. Huyo mzee alifariki miaka ya themanini. Hakuna aliyefuata urithi, wala mwanawe wala wajukuu, kwa sababu kila mtu alijua mpaka uko wapi: ule mti, ule mkonge. Basi kwenye karatasi za serikali, marehemu ndiye mwenye shamba. Shemeji hawezi kukopa nalo, hawezi kulikodisha kwa mkataba wa maana, na ndugu wa mumewe akiamka na wazo, hana cha kumwonyesha.

Sheria iko upande wake kuliko anavyojua. Sheria ya Urithi imetumika tangu 1981. Binti na mwana wanagawana sawa. Mjane ana haki ya kukaa na kutumia mali maisha yake yote, ingawa kifungu cha 35 kilisema akiolewa tena haki hiyo inaisha. Boma la wake wengi linagawanywa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na mjane anaongezwa kama fungu moja. Ile kumlazimisha mjane arithiwe, au afanyiwe tambiko la ter bila hiari, sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani imeihesabu kuwa dhuluma. Yote haya yako vitabuni.

Njia yake lakini ni hii: cheti cha kifo cha mzee aliyekufa zamani bila cheti. Barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na jina la mwanamke linaweza kuachwa hapo hapo kwa kalamu. Ombi mahakamani. Tangazo kwenye gazeti la serikali, siku 30 za pingamizi. Halafu miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Kisha unaanza tena kwa baba mkwe, kisha kwa mume. Na nauli, na wakili. Sasa niambie, hilo ni tatizo la familia, la historia au la siasa? Hati iliandikwa jina la mwanaume mmoja kwa mpango wa kikoloni ulioendelezwa baada ya uhuru. Familia ilinyamaza. Na kaunti haijawahi kuweka hata meza moja ya kusaidia wajane kujaza fomu, ingawa pesa za mahema ya matanga hazikosekani.

Aliyeniuliza wiki jana "basi tufanye nini, tusubiri historia ijirekebishe?" namjibu kwa mfano ulio hapa hapa. Serikali ilipoanza kuwapa pesa za kila mwezi walezi wa mayatima, tathmini ilifanywa kuanzia 2007 katika wilaya saba. Homa Bay, Migori na Suba zilikuwemo. Pesa zilikuwa kidogo, shilingi 1,500. Nyumba zilizopata zilikula vizuri zaidi, watoto wengi zaidi waliingia sekondari, na vijana wao walichelewa kuanza ngono wakilinganishwa na wale wa nyumba ambazo hazikupata. Nyumba zile hazikuongezewa baba. Bado nyanya alikuwa nyanya. Zile "tabia" mheshimiwa alizozipigia kelele ziliguswa na noti tatu za mia tano.

Ndiyo maana ubishi huu si wa kujifurahisha. Ukishinda upande wa "ni familia tu," bajeti inaenda kwenye semina za maadili. Ukishinda upande wa "ni historia tu," tunaandika hotuba nyingine na hakuna anayeulizwa kuhusu zahanati. Shemeji hana haja na semina wala hotuba.

Jumatatu alienda kwa chifu kuomba barua. Akaambiwa aje na wazee wawili wa ukoo, wanaume. Binamu mmoja amekubali. Wa pili anasema tungoje kwanza matanga yaishe.